Anyamazaye Amekubali?

Wengi wetu tusikiapo jina la Beijing hukumbuka mkutano wa wanawake wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella. Mimi hunijia pia kisa kingine cha mji huo huo, cha miaka 6 kabla, kilichonifanya nitilie shaka kauli ya kwamba anyamazaye amekubali.

Tarehe 5 Februari 1989 yalifunguliwa huko maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa. Msanii kijana, Xiao Lu, aliweka kazi yake iitwayo "Mazungumzo": vibanda viwili vya simu, kimoja kina picha ya mwanamume na kingine ya mwanamke, na katikati kioo na simu ambayo mkono wake unaning'inia. Siku hiyo akatoa bastola, akakipiga kioo hicho risasi mbili. Maonyesho yakafungwa kwa muda. Yeye na msanii mwenziwe, Tang Song, wakawekwa kizuizini siku 3.

Watu wakasema hiyo ni siasa, na kazi ikahesabiwa kuwa ya wote wawili. Xiao Lu, ambaye baadaye aliishi na Tang Song kama mpenzi wake, hakupinga. Mwaka 2004, wakiwa wameshaachana, alitamka kuwa kazi ni yake peke yake, na kwamba ilitokana na machungu yake kama mwanamke. Wako waliohoji: mbona alinyamaza miaka 15?

Nakiri kuwa nami nilihoji hivyo. Kisha nikamkumbuka mama yangu. Wageni walikuwa wakimwambia baba, "Mzee, nyumba yako ina mikeka mizuri." Baba aliitikia ahsante. Mama, aliyeisuka, alitabasamu tu. Je, kwa tabasamu lile mikeka ikawa ya baba?

Sikatai kwamba mtazamaji ana haki ya kuona siasa katika risasi zile. Maana ya kazi yaweza kuwa ya wengi. Lakini aliyeitenda hageuki kwa sababu alichelewa kujitaja. Kabla hatujamwuliza mwanamke mbona alinyamaza, yafaa tuulize kwanza kusema kungalimgharimu nini.

Mama alifariki sijapata kumwuliza.