Weupe wa Karatasi



Vijana wetu huuliza: Je, Mwislamu aweza kuchora maumbile? Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya sura za wenye roho. Ama miti na milima, jambo ni jepesi zaidi. Mtu mmoja ambaye chumo lake lilikuwa kutengeneza picha alimjia Ibn Abbas (R.A.), naye akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Basi mlango upo wazi. Lakini kila kilicho halali kina adabu yake, na adabu ya kazi hii inatuhusu hata sisi tusioshika brashi.

Simama nje ya mji wa Sumbawanga mwezi wa Januari. Utaona uwanda wa majani ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, yale matuta ya mviringo ya Wafipa, na milima ya Mbizi yenye msitu wake. Juu ya yote hayo yapo mawingu meupe. Mchoraji wa rangi za maji zipitishazo nuru atauchoraje weupe ule? Hautii kwa rangi. Weupe wa wingu ni karatasi yenyewe, pale ambapo mkono wake haukugusa. Hata penye rangi, nuru hupenya, ikafika kwenye karatasi, ikarudi machoni. Akirundika tabaka juu ya tabaka, nuru huzimika, pakabaki tope. Wala hawezi kuficha kosa kwa kupaka juu yake, kwani la chini huonekana.

Wengi wetu hudhani amali ni kutenda tu. Kumbe kuacha nako ni amali, mtu akiacha kwa nia. Neno la kusengenya ulilolimeza, na mali ya yatima uliyoweza kuila usiile, ndio weupe wa maisha yako. Watu hawauhesabu, lakini bila huo picha nzima haina nuru.

Huenda ukasema: "Mbona mvivu naye huacha?" Ni kweli, lakini karatasi tupu si picha. Wingu hujulikana kuwa wingu kwa sababu ya mbingu iliyopakwa pembeni yake. Kadhalika, anayenyamaza penye dhuluma hakuacha weupe. Ameacha kazi yake. Kwa hiyo mchoraji huamua kabla hajachovya brashi: hapa nitapaka, hapa sitagusa. Nasi yatupasa kuamua kabla ya kufungua kinywa au kunyosha mkono.

Na aliyekwisha kuchafua? Rangi ikiwa bado mbichi, brashi safi yenye unyevu huinyonya. Ikikauka, mara nyingi hung'ang'ania. Basi mwombe radhi uliyemkosea leo hii, chuki haijakauka moyoni mwake. Lakini usikate tamaa hata kama umechelewa. Karatasi haina rehema. Mola wetu ni Mwingi wa Rehema.

Mwenyezi Mungu atujaalie kujua la kutenda na la kuacha. Amin.