Nani Aliyesema Karibu?

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na filamu za kutisha nimezipenda tangu enzi za vibanda umiza, tulipokuwa tukibanana kwenye mabenchi huku mtafsiri akipiga kelele kuliko waigizaji wenyewe. Siku hizi nikishafunga duka baada ya Isha huweka laptop juu ya meza ya kukatia vitambaa, mtoto wa dada yangu akavuta stuli, tukaangalia. Mama hapendi. Husema picha za mashetani huita mashetani, na anayekaa kuzitazama amekwisha kuyakaribisha nyumbani kwake.

Silipuuzi neno la mama. Ndani yake mna swali ambalo filamu bora za miaka hii ya karibuni zote zinahangaika nalo: uovu humwingiaje mtu? Huvunja mlango, au hufunguliwa? Na kama hufunguliwa, lawama ni ya nani?

Sisi Waislamu tumepewa jibu linalotisha kuliko filamu yoyote. Katika Sura Ibrahim, aya ya 22, mambo yakiwa yamekwisha kuhukumiwa Siku ya Kiyama, Shetani anawageukia waliomfuata na kuwaambia kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu yao. Aliwaita tu, nao wakamwitikia. Kwa hiyo wasimlaumu yeye, wazilaumu nafsi zao. Niliposomeshwa aya hii madrasa nikiwa msichana nilikosa usingizi. Nilikuwa nimezoea kumwona Shetani kama jitu la kunikamata kwa nguvu, kumbe ni msemaji tu, na mkono unaofungua komeo ni wangu.

Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka 2025, imejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Ni mwaka 1932, Clarksdale, jimbo la Mississippi. Ndugu mapacha, Smoke na Stack, wote wawili wakiigizwa na Michael B. Jordan, wamerudi kutoka Chicago na fedha, wakanunua kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao na kukigeuza ukumbi wa muziki kwa ajili ya watu weusi wenzao, ambao mchana kutwa wamo kwenye mashamba ya pamba. Usiku wa kwanza tu, wanyonya damu wanafika mlangoni, wakiongozwa na Remmick, mtu wa asili ya Ireland. Hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Kanuni hii ni ya zamani, Bram Stoker aliiandika kwenye Dracula mwaka 1897, lakini sijaona aliyeitumia vizuri kama Coogler.

Kuna mahali bawabu wao, Cornbread, jamaa wa miraba minne, alitoka nje kujisaidia na sasa amerudi. Anasimama kizingitini. Taa ya ndani inampiga usoni, anatabasamu, anaomba apishwe aingie. Annie, mke wa Smoke, mwanamke anayejua mizizi na hirizi, anamtazama kwa muda kisha anamuuliza: kwa nini unahitaji ruhusa, na mwili huo wote, na njia iko wazi? Cornbread anajibu kwamba kujiingiza tu si adabu. Hakuna damu katika sehemu ile, hakuna kelele, na ndiyo iliyonifanya nisimamishe picha nikanywe maji. Sisi watu wa pwani tumelelewa kupiga hodi mara tatu, na usipoitikiwa urudi ulikotoka. Ni mafundisho ya Mtume hayo. Cornbread anabisha kwa adabu zote za mtu aliyelelewa vizuri, na adabu yenyewe ndiyo alama ya kwamba amekwisha kufa.

Baadaye mlango unafunguliwa kweli. Anayeufungua ni Grace, mama wa Kichina mwenye duka mjini. Mumewe, Bo, amekwisha kugeuzwa, na kwa kuwa Remmick hupata kila alichokijua aliyemnyonya, anamtishia Grace kwa lugha yake mwenyewe kwamba watamfuata binti yao nyumbani. Grace anashindwa kuvumilia, anapiga ukelele waingie. Wanaingia, na karibu watu wote waliokuwa mle ndani wanakufa.

"Mama mdogo, huyu mama ndiye kawaua wote," kijana wangu alisema.

Nilimkatalia, na bado namkatalia. Sahaba Ammar bin Yasir aliteswa mpaka akatamka kwa ulimi maneno ya ukafiri, akaja kwa Mtume akilia, na Sura An-Nahl, aya ya 106, ikamtoa hatiani aliyeshurutishwa hali moyo wake umetulia juu ya imani. Najua kesi ya Grace haifanani naye kila upande, kwa kuwa hofu yake iliwaangukia wenzake waliokuwa mle. Lakini anayemnyooshea kidole huku Remmick akiwa amesimama palepale nje, amekosea mtu.

Filamu iliyonikasirisha kuliko zote ni Speak No Evil ya mwaka 2022, ya Christian Tafdrup wa Denmark. Familia ya Kidenmark inakutana na familia ya Kiholanzi likizoni Italia, wanapatana, wanaalikwa kwao. Wenyeji wanawavunjia heshima kidogo kidogo, wageni wanavumilia kwa kuona haya. Mwisho baba mgeni, akiwa hana tena cha kuokoa, anawauliza wauaji kwa nini wanafanya hivi. Anajibiwa kwamba ni kwa sababu yeye mwenyewe amewaruhusu. Filamu inaishia kwa namna inayokubaliana na muuaji. Wamarekani walipoirudia mwaka 2024 wakaifanya familia ipigane na kutoka hai, jambo ambalo kwangu ni kukwepa swali. Ya kwanza ni kazi bora zaidi, na jibu lake ni la dhuluma. Mgeni mwenye haya hakumruhusu mtu kumkata mtoto wake ulimi. Aliruhusu chakula asichokipenda na maneno ya kuudhi, na kutoka hapo mpaka kwenye mkasi kuna safari ndefu ambayo muuaji aliitembea mwenyewe.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mtoto wa mama yangu mkubwa, ambaye kwangu ni dada, alijifungua mtoto asiyepumua. Baada ya arobaini akawa halali, hali, hazungumzi, anakaa ukutani na kanga ya mtoto mapajani. Mganga mmoja aliitwa. Alikaa mkekani, akaagiza chetezo, akaanza kumhoji. Ulijitazama kwenye kioo usiku? Uliwahi kujifukiza udi ukatoka nje Magharibi? Uliimba bafuni? Dada akawa anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwanamke gani wa pwani hajajifukiza udi? Mganga akawageukia wazee akasema ni jini mahaba, na amemkaribisha mwenyewe. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikaona uso wa dada ulivyobadilika. Mpaka pale alikuwa na huzuni. Kuanzia pale akawa na hatia, akiamini kwamba marashi yake ndiyo yaliyomuua mwanawe.

Hospitalini walisema ni sonona ya baada ya kujifungua, wakampa dawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Siku hizi anacheka, anauza vitumbua. Sisemi majini hayapo, Qur'ani imeyataja na mimi nayaamini. Nasema yule mganga aliishika nusu ya aya. Alichukua lile la kuitikia, akaliacha lile la kuita. Shetani anaposema kwamba aliita tu, hajitoi hatiani, anajitaja kosa lake. Aliyeitikia ana sehemu yake na atasimama nayo mbele ya Mola. Lakini aliyekaa kumvizia mtu katika saa yake ya udhaifu, akamwita kwa sauti anayoijua kuwa hawezi kuikataa, hawezi kugeuka akawa shahidi dhidi yake.

Tena kuna watu ambao sharia imewainulia kalamu: mtoto kabla hajabaleghe, aliyelala kabla hajaamka, aliyerukwa na akili mpaka zimrudie. Talk to Me, ya ndugu wawili wa Australia, Danny na Michael Philippou, iliyoingia kwenye kumbi za sinema mwaka 2023, inalijua hili. Vijana wana mkono uliokaushwa. Unaushika, unamwomba aliyekufa aseme nawe, kisha unatamka kwamba unamruhusu aingie, na sekunde 90 zisipite. Wanacheka, wanarekodi kwa simu. Halafu Riley, mdogo wao, anataka naye. Dada yake amekataa. Mia, rafiki wa dada, anakubali, na Mia mwenyewe ni yatima wa mama ambaye bado hajamaliza kulia. Roho inayomjia Riley inajitambulisha kuwa mama yake Mia, basi Mia anaacha muda upite. Ruhusa ilitamkwa na mdomo wa mtoto, na aliyeharibiwa uso ni mtoto, lakini ukifuatilia kila uzi utaona kwamba kilichoitwa na kilichoitikia ni kilio cha msichana mkubwa kumlilia mama yake. Katika filamu yenye hasira hivyo, hiyo niliiona ni huruma.

Zile zinazoruka suala la ruhusa sizijali sana. Smile ya 2022 inashtua, ila laana yake inahama toka kwa mtu hadi mtu bila kumuuliza yeyote, na asubuhi nimekwisha kuisahau.

Heretic ya mwaka 2024 sijaisahau. Wasichana wawili, wamisionari wa Kimormoni, wanafika nyumbani kwa Bwana Reed, anayeigizwa na Hugh Grant, wakati mvua inakuja. Sheria yao hairuhusu kuingia kama hakuna mwanamke ndani. Reed anasema mke wake yupo jikoni anaoka pai. Anawaambia pia, kwa upole kabisa, kwamba kuta na dari zina chuma ndani, natumaini si tatizo kwenu? Wanasema si tatizo. Anapokea makoti yao, na ufunguo wa kufuli la baiskeli umo ndani ya koti. Harufu ya pai imejaa sebuleni, mpaka mmoja anaugeuza mshumaa ulio mezani na kukuta umeandikwa kwamba una harufu ya pai ya bluberi. Hakuna pai na hakuna mke. Halafu anawaonyesha milango miwili, mmoja wa imani na mwingine wa kutoamini, wachague kwa hiari yao. Yote miwili inashuka kwenye chumba kilekile cha chini ya nyumba.

Kila hatua Reed anauliza, na kila hatua anakubaliwa. Nikikata kitambaa cha mteja kwa kipimo nilichomdanganya, hakuna kadhi atakayesema aliridhia. Ridhaa husimama juu ya kujua. Reed anasema dini ya kweli ni moja tu, nayo ni kuwatawala watu, na kwa kuwa anaongea vizuri watazamaji wengi watamwona mwenye akili. Mimi namwona mtu aliyeogopa kuulizwa swali moja la kawaida: mke yuko wapi?

Nosferatu ya Robert Eggers, ya Desemba 2024, ndiyo iliyonirudisha kwa dada yangu. Inaanza na Ellen akiwa bado binti, yuko peke yake, analia na kuomba usiku. Anamwomba malaika mlinzi, roho ya faraja, yeyote anayesikia aje. Anayekuja ni Orlok. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa mtu wa dini. Ile ilikuwa dua. Mola ametuambia yu karibu na humwitikia amwombaye, sasa mbona kwa yule binti alifika kwanza mnyonya damu? Katika dunia ya Eggers sikuona mwingine aliyekuwa akisikiliza, na hapo tunaachana mimi na yeye. Ninachokijua ni kwamba kwa dada pia aliyefika kwanza alikuwa mganga, kwa sababu alikaa mtaa wa pili, na kliniki ni mbali. Kufika kwanza si kuwa ndiye aliyeombwa.

Ellen anakua, anaolewa na Thomas, maradhi yake yanarudi. Daktari anaamuru alale amekazwa nguo ya kubana kiuno, anampa etha. Orlok anamfikia na kumwambia kwamba yeye ni uchu tu, na aliyemwamsha gizani ni Ellen. Niliposikia hayo nilimwona yule mganga na chetezo chake. Orlok anataka Ellen ajitoe kwa hiari, na ili aipate hiari hiyo anampa usiku tatu huku akimuulia rafiki yake pamoja na watoto wake wawili wa kike. Hata mumewe ameshatia saini kumwacha, kwenye karatasi ya lugha asiyoijua.

Usiku wa tatu Ellen anamwita tena. Sasa ni mtu mzima. Mumewe amepelekwa mbali makusudi, dirisha liko wazi, na anajua yote yatakayompata. Anamkumbatia Orlok, na anapotaka kuondoka anamrudisha, mpaka jogoo anawika na jua linamkuta juu ya kitanda. Wanakufa wote wawili. Ustadhi wetu, nilipomsimulia, alisema huko ni kujiua na hakuna cha kusifu. Namheshimu, na kuhusu kifo cha Ellen sina hoja ya kumshinda. Ila kuhusu mwaliko nina neno. Ule wa kwanza, wa binti anayelia gizani, mimi siuhesabu. Huu wa pili nauhesabu, na safari hii aliyeita ni Ellen, bila kumdanganya wala kumtisha. Orlok alikuja kwa miguu yake, akakaa kwa uchu wake, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi usiku kucha.