Ridhaa ya Mhadzabe na mlango wa maabara

Agosti 2017 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti juu ya Wahadzabe, jamaa zetu wawindaji wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi hadi bonde la Yaeda Chini, wilayani Mbulu. Sampuli 350 za kinyesi (ndiyo ndugu msomaji, kinyesi) zilichunguzwa vijidudu vya tumboni, ikaonekana kuwa baadhi yake hupungua sana wakati wa masika na kurejea kiangazi, kufuatana na chakula. Kazi hiyo iliongozwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Stanford, California.

Chuo hicho hicho, kwa miaka mingi, kimekuwa na utaratibu wa kuwachukua wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo, wakakaa wiki nane katika maabara za tiba wakijifunza utafiti kwa vitendo. Sharti mojawapo ni kuwa raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu. Siwalaumu, kila nchi husomesha watoto wake. Lakini nauliza: mtoto wa aliyetoa sampuli anajifunzia wapi?

Wapo watakaosema hana anachodai, kwani mzazi wake aliridhia, na utafiti wa namna hii hauanzi bila kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Tena wanasayansi wa NIMR wamo katika orodha ya waandishi wa utafiti ule. Yote ni kweli.

Hata hivyo, katika fiqhi tunawafundisha vijana kuwa mauziano ya samaki aliye bado baharini hayasihi, japo muuzaji na mnunuzi wameridhiana, kwa sababu kinachouzwa hakijulikani. Sisemi kinyesi ni bidhaa. Nasema ridhaa ina sharti la kujua. Mzee anayekabidhi kichupa anajua kuwa kitagandishwa, kitavuka bahari, na kilichomo kitasomwa upya baada ya miaka, kama ilivyokuwa katika utafiti mwingine uliotoka mwaka 2023? Hata akielezwa kwa Kiswahili fasaha, anayemweleza ni yule yule anayeomba. Ni sawa na kumwuliza mnunuzi bei ya mali yako. Anahitaji mtu wa nyumbani kwake anayeelewa.

Ndiyo maana sikubali kumfundisha kijana wa kule kuitwe hisani. Ni sehemu ya ridhaa yenyewe, nayo bila hiyo ina kasoro.

Wala si lazima apelekwe California. Haydom iko huko huko Mbulu, na hospitali yake ipo tangu mwaka 1955. Ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto wachanga, kuhara na udumavu, na vinyesi vya watoto hao vikipimwa mwezi hadi mwezi. Kama mtoto wa miezi sita alifaa kupimwa pale, kaka yake wa kidato cha tano hafai kuingia akaona kinachopimwa?

Nitaambiwa kijana wa miaka 17 asiguse vitu vya hatari. Sawa, asiguse. Aandike namba kwenye vichupa, na aisome fomu ya ridhaa neno kwa neno, aulize maswali. Mimi ningeanza na fomu hiyo kabla ya hadubini. Nitaambiwa pia Wahadzabe wanaofika kidato cha tano ni wachache mno. Basi wachukuliwe wa kidato cha tatu, pamoja na majirani zao Wairaqw na Wadatoga, ila jirani asiwekwe badala ya mwenyewe.

Huenda kijana huyo akarudi kambini akawaambia wazee wake, safari hii msitoe. Hiyo ni haki yao, na mtafiti aivumilie.

Ombi lijalo la kibali likifika mezani, mwombaji aulizwe: ni vijana wangapi wa Yaeda Chini watakaokuwa ndani ya maabara, na kwa wiki ngapi?