Fomu Hiyo Ijaze Mwenyewe

Wajukuu zangu mliomaliza kidato cha sita mwezi wa Mei, wengine mko nyumbani mnalala mpaka saa nne, wengine mko kambi za JKT mnaamshwa alfajiri kwa filimbi. Mitihani imekwisha, na mpaka Baraza la Mitihani litangaze matokeo mwezi wa Julai hakuna anayewauliza neno. Kipindi hiki ndicho ninachokiogopa. Nimefundisha vidato vya juu hadi nikastaafu, na nimeona watoto waliofaulu vizuri wakiharibikiwa baada ya mtihani. Waliharibikiwa kwa sababu walimwachia mtu mwingine kazi ya kuwaamulia.

Mtu huyo mara nyingi wala si mbaya. Ni kijana wa steshenari.

Mnamjua. Ana kompyuta mbili, printa inayokwama, na bango mlangoni: maombi ya vyuo, mikopo, RITA, ajira. Julai ikifika foleni yake inamwagika barabarani. Kwa kuwa ana haraka, na kwa kuwa wewe huna barua pepe au umesahau nywila, anaweka barua pepe yake. Namba ya simu anaweka yake, au ya mwenye duka. Nywila anatunga ya aina moja kwa wateja wote. Kozi anakuuliza mara moja, ukisitasita anakuchagulia: "Tuweke Ualimu, hii huwa inapita." Unalipa, unapewa karatasi, unarudi nyumbani unatangaza kwamba umeomba chuo. Hujaomba. Ameomba yeye, kwa jina lako.

Ubaya wa jambo hili hauonekani siku ile. Kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwaka 2017 utaratibu ule ulikoma, na sasa mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Ni uhuru mzuri, ila umezaa hali mpya: mtu mmoja huchaguliwa na vyuo viwili, hata vitatu. Hapo hutakiwa athibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyoiandika alipoomba. Siku ya mwisho huwa imepangwa, nayo haimsubiri mtu. Sasa niambieni, namba ile inamfikia nani?

Nilimfundisha binti mmoja aliyekuwa hodari wa Kemia. Alichaguliwa na vyuo viwili kwa mpigo, nyumbani wakapika pilau. Kijana aliyemjazia alikuwa amekwisha kuhamia mkoa mwingine, na laini ile ameitupa. Kufika chuoni kuomba msaada kulitaka nauli na muda. Nauli ilipopatikana, muda ulikuwa umekwisha. Akaingia awamu iliyofuata, katika kozi iliyokuwa imebaki na nafasi. Ana kazi yake leo na mambo yake si mabaya, lakini kila tukikutana hunikumbusha habari ile kabla hajamaliza kunisalimu.

Sisemi msiende steshenari. Wengi wenu hamna kompyuta nyumbani, na fomu hizi zinachosha macho kwenye simu. Nendeni, ila anayekaa kwenye kiti awe wewe, kijana yule asimame pembeni akuelekeze. Barua pepe iwe yako, yenye jina lako la shule, si majina mnayojibatiza kwenye Instagram. Laini iwe iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, au cha mzazi unayeishi naye. Nywila iandike kwenye daftari, na daftari mpe mama. Walio kambini, ambao dirisha la maombi huwakuta huko, wachague ndugu mmoja mtulivu, wamwandikie kila kitu: kozi, vyuo na mpangilio wake. Ndugu mmoja, siyo kikao cha ukoo.

Sasa tuje kwenye kozi zenyewe. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili. Ni kitabu kirefu kilichojaa majedwali, na kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Wengi hawakisomi. Husoma picha ya ukurasa mmoja iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, tena ya mwaka juzi. Kisomeni chenyewe, kwa sababu hesabu zake zinawachanganya hata wazazi wasomi. Baraza la Mitihani likipanga madaraja, A ni pointi 1, na mwenye pointi chache ndiye bora. Ndiyo maana mnasikia watu wakijivunia "divisheni wani ya tatu". TCU wao wanageuza: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kwa hesabu hiyo ya pili, anayetoka kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yake usiopungua jumla ya pointi 4. D mbili zinatosha. C na E zinatosha pia.

Zinatosha kuomba tu! Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Pointi 4 zinakufungulia mlango wa kuomba. Kuchaguliwa ni ushindani, na kila kozi ina masharti yake juu ya hayo. Udaktari wa binadamu unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Mwanafunzi wa tahasusi ya CBG, ambaye Fizikia aliiacha kidato cha nne, hata akipata A tatu haingii humo, ingawa kilimo pale Sokoine, Morogoro, kinampokea kwa mikono miwili. Maana yake uamuzi wa mwaka huu ulianza tangu kidato cha nne, siku mlipojaza fomu ya tahasusi mkitazama rafiki wa dawati la mbele kajaza nini. Wadogo zenu walio kidato cha nne sasa waambieni hilo. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa nyingi, kwa hiyo na nafasi ya kukosea imepanuka.

Kuna jambo la majina makubwa. Daktari, mwanasheria, mhandisi: baba anayataja, shangazi anayaitikia, wewe unatikisa kichwa. Sina ugomvi na kazi hizo. Ninachowaonya ni kuzichukua bila kujua njia yake inaishia wapi. Mwanasheria akimaliza shahada hawezi kusimama mahakamani kama wakili mpaka apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile wanayoiita Law School, na mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka kuona kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26. Iliundwa hata kamati ya kuchunguza. Daktari ana mwaka wa mafunzo kazini baada ya shahada. Mhandisi ana bodi yake ya usajili, mhasibu ana mitihani ya bodi yake, NBAA. Kabla hujaandika jina la kozi, mtafute mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo, umwulize siku yake ya kazi inakwendaje, na ilimchukua miaka mingapi tangu shahada hadi kulipwa vizuri. Watu hupenda kuulizwa hivyo, watakujibu mpaka uchoke.

Na baba akishikilia lake? Mtoto wa kwetu habishani na baba yake mezani. Nenda kwa mjomba, au kwa yule rafiki wa baba anayemsikiliza, umweleze taratibu, na uwe na mwongozo wa TCU mkononi. Mzee anaweza kuikataa kauli yako, lakini jedwali lililochapishwa na Tume atalitazama mara mbili. Nanyi wazazi, kwa kuwa najua mnasoma haya begani mwa watoto: mlipieni mtoto ada na mumpe nasaha, lakini mjue kwamba mtihani wa Anatomia ataufanya peke yake.

Wengine wenu matokeo hayatafika pale mlipotaka, na mtasikia ndani ya nyumba maneno ya msibani. Mimi ni wa kizazi cha Azimio la Musoma. Mwaka 1974 TANU iliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Apite JKT, kisha afanye kazi miaka isiyopungua miwili ndipo aombe. Tulilalamika sana wakati ule, na sharti lile lilikuja kulegezwa. Sitaki lirudi. Ila tulioingia chuoni tukiwa tumekwisha kusimamia ghala la kijiji au kufundisha darasa la tatu tulijua tunatafuta nini. Mwaka mmoja wa kusubiri, ukiwa na kazi au ufundi mkononi, haujaua mtu. Unaoua ni ule wa kukaa kibarazani na simu.

Halafu kuna njia ya stashahada, ambayo watu wanaidharau bila sababu. Vyuo vilivyo chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, vinapokea hata waliomaliza kidato cha nne. Ukipata stashahada ya ngazi ya sita yenye wastani wa 3.0 au zaidi, unaruhusiwa kuomba shahada katika fani inayoendana nayo. Wapo wahandisi walioanzia Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, wakiwa wameshika spana miaka kadhaa kabla wenzao waliopitia PCM hawajaiona karakana. Mwenye kupenda mashine asilazimishwe kukariri miaka miwili ya kidato cha tano na sita ili tu jirani aseme mtoto wa fulani yuko "advansi". Chuo Kikuu Huria nacho kina kozi ya msingi kwa waliokosa sifa za moja kwa moja. Ulizeni.

Kwa wanaoahidiwa kusoma nje ya nchi: wakala akidai fedha, kwanza waulizeni TCU kama wanamtambua yeye na chuo anachokiuza. Kununua kozi kwa maneno ya wakala ni kununua kiwanja usichowahi kukikanyaga.

Nimalizie na mkopo, kwa sababu wengi wenu hamtasoma bila huo. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, na tangu hapo imesomesha watoto wa wakulima wengi mno. Lakini mkopo si zawadi ya serikali, hata kama mnauita bumu na kuusubiri kama sikukuu. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni iliondolewa mwaka 2021, na hiyo ni nafuu kubwa, ila deni lenyewe liko palepale. Bumu likiingia lipa chumba, nunua unga, mchele na mafuta ya muhula, kisha ndipo utazame simu mpya. Na kubeti kusiwepo kabisa. Nimeona kijana aliyeweka hela ya chakula kwenye mechi za Jumamosi akarudi kula kwa wenzake mpaka wakamfungia mlango.

Wanaokosa mkopo si wote wenye wazazi matajiri. Baadhi huangushwa na karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo; kwa waliozaliwa Zanzibar ni ZCSRA. Na aliyefiwa na mzazi huhakiki pia cheti cha kifo. Fomu ya mkopo inataka saini ya serikali ya mtaa au kijiji, ya mdhamini, na ya mahakama au wakili, kabla ya kuipandisha tena kwenye mfumo. Mwenyekiti wa mtaa husafiri, mtandao huzidiwa siku za mwisho, na jina la "Mohamed" kwenye cheti kimoja huwa "Mohammed" kwenye kingine. Namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo iwe ileile unayoombea mkopo, hasa kwa mliorudia mtihani. Dirisha la mkopo kwa kawaida hufunguliwa Juni au Julai, na wanaohangaika Agosti mwishoni ni walewale waliokuwa wanalala mpaka saa nne.

Basi leo, kabla hujalala, mwulize mama cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi. Kiweke kando ya cheti cha kidato cha nne, uyalinganishe majina herufi kwa herufi. Yakiwa hayafanani, kesho asubuhi uwe kwenye foleni ya RITA.