Taka Ikishatoka Mlangoni ni ya Nani?

Usiku mmoja katika darsa yetu, baada ya sala ya Isha, aliinuka ndugu mmoja mtu mzima, mwenye nyumba na biashara yake, akauliza suala ambalo mwanzo tulilicheka, kisha tukanyamaza. Alisema: "Mimi nalipa kodi ya ardhi kila mwaka. Taka zangu zafungwa vizuri, na kijana wa mkokoteni huzichukua kwa ujira tuliopatana. Zikishatoka mlangoni pangu si zangu tena. Basi kwa nini mwanichosha kwa maneno ya kutenga maganda na chupa, na ya kutoka Ijumaa asubuhi kuzoa uchafu wa njia ambao si mimi niliyeutia?"

Suala hili si la mchezo. Likiwa kweli, basi sisi tunaofagia vichochoro baada ya Alfajiri twafanya hisani tu, na asiyekuja hana lawama.

Twaanza na milki. Mtu aweza kuacha milki ya kitu chake. Ganda la ndizi ukilitupa, jirani akaliokota ampe mbuzi wake, huwezi kumfuata ukamdai. Hapa ndugu yetu yu katika haki. Lakini kuacha milki si kuacha dhamana. Kila aliyesoma Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameipitia mas'ala ya ganda la tikiti: mtu akitupa njiani taka za kufagia au maganda ya tikiti, na mpita njia akateleza akaumia, dhamana ni juu ya mtupaji, kwa kauli iliyo sahihi. Sababu yake ni kwamba njia ni ya watu wote, na ruhusa ya kuitumia imeshurutishwa na salama ya wengine. Hakuna aliyemkubalia mtupaji udhuru wa kusema kwamba ganda lilikuwa si lake tena.

Ndugu yetu hakushindwa upesi, kwani naye amesoma. Alitujibu kwamba wafafanuzi wa madhehebu yetu wamemtoa katika hukumu hiyo mwenye kutupa jaani, mahali palipoachiwa taka. "Nami zangu zaenda jaani," akasema, akakaa. Twakiri kwamba jawabu hiyo ilitutia kazini, na hatukuwa na la kusema mpaka darsa ya pili.

Tulilojiuliza ni hili: jaa lenyewe ni wapi, na ni jaa gani? Jaa la zama za Imamu lilikuwa la majivu, samadi na maganda, vitu ambavyo ardhi huvila. Sisi wa Mombasa tulikuwa na Kibarani, kando ya njia ya Makupa, ukingoni mwa maji ya bahari. Lilipofungwa mwaka 2018 tulifurahi kwamba mgeni aingiapo mjini hatapokewa tena na harufu ile. Wachache tuliuliza taka zimehamia wapi. Zilihamia Mwakirunge, nako kuna watu, wana pua kama zetu. Na Nairobi liko jaa la Dandora, lililoanza mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka zikaendelea kupelekwa vivyo hivyo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa khabari ya uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa hilo: nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachovumilika. Wanafiqhi wetu walisema pia kwamba mpita njia akilikanyaga ganda kwa kusudi, hali analiona, hana la kudai. Je, mtoto yule alilikanyaga kwa kusudi?

Yuko atakayesema: mfuko wangu ni mmoja katika maelfu, nani atajua kwamba ni wangu uliodhuru? Kweli, hatajua mtu. Lakini kutojulikana mwenye kosa hakulifanyi kosa kuwa halina mwenyewe. Na kwa mambo ya namna hii ndipo sharia yetu ina fardhi ya kifaya: wakiitekeleza wa kutosha, waliobaki wamesalimika, isipotekelezwa, dhambi ni ya wote walioweza. Ndugu yetu atasema kwamba serikali ya kaunti ndiyo iliyopewa kazi hiyo na Katiba ya mwaka 2010, na kweli ndiyo. Bali mtu hawezi kusema "wako watakaomsalia maiti" hali jeneza aliona barazani siku ya tatu. Tena sharia ya nchi ya mwaka 2022 juu ya taka yamtaka kila mwenye kuzitoa azitenge pale pale zinapotoka. Maana yake kazi ya kaunti yaanza baada ya kazi ya jiko lako.

Na kutenga kwenyewe si jambo kubwa. Ni ndoo mbili mahali pa moja. Sehemu kubwa ya taka za majumbani mwetu ni maganda na chakula. Vikichanganywa na karatasi na chupa, karatasi hulowa, chupa huchafuka, na visivyokuwa na ubaya huharibiwa na vilivyooza. Vikizikwa chini ya chungu la taka pasipo hewa hutoa gesi ya methani, nayo hushika moto na huzidisha joto la dunia. Vikitengwa, maganda huliwa na mbuzi, na yaliyobaki yakirundikwa na majani makavu, yakageuzwa na kutiwa maji kidogo, huwa mbolea baada ya miezi michache. Wale vijana wanaochakura mapipa, tunaowaita machokora na kuwafukuza milangoni, wanaifanya nusu ya fardhi hii kwa mikono mitupu, nasi twawapa matusi.

Hapa hatuna budi kujitaja wenyewe. Ramadhani moja tulifuturisha, tukapika kwa hofu ya kuaibika, na usiku ule tukamwaga karibu nusu sufuria ya wali. Shirika lile lile la Mazingira lilieleza mwaka 2024 kwamba chakula kilichopotea madukani, mikahawani na majumbani duniani mwaka 2022 kilipita tani bilioni moja, na sita katika kila kumi zilitoka majumbani. Tuliposoma hesabu hiyo tuliikumbuka sufuria yetu. Mmoja wetu alisema: lau tungaliugawa ule wali asubuhi, ingekuwa sadaka. Wengine tulikataa. Kiporo kilichokwisha kuchacha, ambacho wewe mwenyewe hukili, kumpa maskini si sadaka. Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kibaya tukakitoa, kitu ambacho tusingalikipokea ila kwa kufumba macho. Cha kugawa hugawanywa kingali moto, kabla wageni hawajaketi. Na hofu ya kuaibika, ambayo ndiyo ipikayo harusini na katika hitima zetu, haina ndoo ya kuitenga. Yataka wenye karamu wakubaliane kupunguza, na hilo bado halijakuwa mtaani petu.

Ndugu yetu hajakubali yote. Amekubali dhamana ya maganda, na ndoo ya pili iko jikoni kwake. Lililobaki ametugeuzia sisi: chupa ya plastiki hakuitengeneza yeye, hakuichagua, amenunua maji tu. Ganda la tikiti huja na tikiti kwa maumbile yake, bali chupa imetiwa na mtu kwa faida yake. Basi dhamana yake ni ya mnywaji, ya muuzaji, au ya mwenye kiwanda? Sharia ya mwaka 2022 yamtia ndani mtengenezaji pia, lakini sisi twataka hukumu na dalili yake katika fiqhi. Mwenye jawabu katika wasomaji wetu na atuandikie, litasomwa darsani.