Nani Kaimba Huu?

Tangu Julai 2015 kampuni za muziki katika nchi nyingi zimekubaliana kutoa kazi mpya siku ya Ijumaa. Ijumaa yangu ya muziki huanza baada ya isha, watoto wakishalala, nikiwa na simu, hedifoni na kikombe cha chai ya tangawizi. Ukiniuliza natafuta nini, sina jibu. Natafuta kitu ambacho sikukiomba.

Programu za muziki hazimpendi mtu wa aina hii. Sikiliza taarabu jioni mbili tu, wiki nzima zitakulisha taarabu mpaka uikinai. Zinakumbuka nilichopenda jana na kunirudisha hukohuko. Ndiyo maana nimezoea kufuata lebo ndogo, zile zenye watu wanaochagua kwa masikio yao wenyewe. Mojawapo ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo jina lake siwezi kulitamka mbele ya wakwe zangu.

Mwaka 2017 lebo hiyo ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso. Studio yenyewe iko Mburahati. Si Berlin wala Lagos: Mburahati hii hii ya Dar es Salaam! Mwaka uliofuata zikaja albamu za Bamba Pana na Jay Mitta, na vijana wa uswahilini wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya kupiga muziki uleule, midundo mia mbili na zaidi kwa dakika, ambao huku nyumbani ulikuwa umeshatikisa vigodoro usiku kucha.

Nawakumbuka watu wazima, wasomi wengi tu, waliokuwa wakisikia singeli inapita mtaani wanafunga dirisha. Uhuni, walisema. Baada ya Wazungu kuucheza muziki huo, wasomi hao hao wakaanza kuuita utamaduni wetu. Mchiriku nao ulipitia njia hiyo: ulidharauliwa pamoja na vinanda vyake vidogo vya Casio, hadi lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilipotoa albamu ya kundi la Jagwa Music mwaka 2012. Siwalaumu Wabelgiji, walifanya kazi yao. Kinachonikera ni masikio yetu kungoja ruhusa kutoka mbali ndipo yamsikie jirani.

Dawa ninayoijua ni kusikiliza kabla sijaambiwa kama kitu ni kizuri, hata nje ya miziki niliyoizoea. Mwaka 2020 KMRU wa Nairobi alitoa Peel, albamu isiyo na ngoma wala mwimbaji, sauti tu zinazotanda taratibu kama ukungu. Nilipoipiga kwenye spika, mke wangu alikuja kuangalia kama feni imeharibika. Mwaka huohuo Duma, vijana wawili wa Nairobi pia, walitoa albamu ya mayowe na midundo ya kuvunja kuta. Ya KMRU nimeirudia sana. Ya Duma huwa sifiki mwisho kwa mkao mmoja, wala sidai kuipenda. Nimeisikiliza, na hilo linatosha.

Jina kamili la KMRU ni Joseph Kamaru, jina la babu yake, mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu sasa anazitoa upya nyimbo za babu kwenye Bandcamp. Ninaipenda Bandcamp kwa sababu mwanamuziki anaweza kuuza mwenyewe. Kwa albamu ya kidijitali mtandao huo huchukua asilimia 15, pungufu akishauza sana, kisha kuna gharama za malipo, na kinachobaki ni chake. Na mara nyingi ukurasa unakueleza nani kapiga, nani karekodi, wapi. Mpwa wangu huniuliza, "Anko, unalipiaje kitu ambacho kipo YouTube bure?" Namwambia fundi cherehani naye namlipa, ingawa sindano na uzi ninavyo nyumbani.

Lakini ukitaka kujua mpya ya mtaani, bado hakuna anayemshinda konda wa daladala na flashi yake. Juzi, tukiwa kwenye foleni ya Ubungo, uliingia wimbo wa singeli wenye kinanda kilichonifanya nipitilize kituo. Nikamuuliza konda nani kaimba huu. "Sijui, mzee wangu. Upo tu kwenye flashi." Dereva naye hajui, aliletewa na mshikaji kwa WhatsApp. Wakanirushia wimbo kwenye simu, na jina lake ni AUD, tarehe, halafu WA0007. Nimewasikilizisha vijana wa kijiweni, nimewauliza mpaka wauza nyimbo wa Kariakoo, hola. Anayemfahamu mwenye wimbo amwambie anitafute kupitia gazeti hili. Hela yake ninayo.