Kiti Kilicho Wazi

Askofu akifa au akihamishwa, mali za jimbo lake huwa mkononi mwa nani hata aje mwingine? Swali hili si geni katika nchi zetu za Shinyanga na Geita. Ndugu zetu Wakatoliki wa Geita walikaa bila askofu tangu 1997, Aloysius Balina alipohamishiwa Shinyanga, hata mwaka 2000. Balina alipofariki Novemba 2012, kiti cha Shinyanga nacho kikawa wazi mpaka 2015, alipoteuliwa Liberatus Sangu. Na kabla ya hapo, mwaka 2014, Damian Dallu wa Geita alikwisha kupelekwa Songea. Basi majimbo mawili jirani yakawa na viti vitupu kwa wakati mmoja.

Hapo kale katika Uingereza mfalme ndiye aliyeshika mali za kiti kilicho wazi, mashamba na misitu na mabwawa ya samaki, na mapato yakaingia katika hazina yake. Kwa hiyo askofu akichelewa, mfalme alipata faida! Mtaguso wa Laterano wa 1215 uliamuru kiti kisikae wazi kupita miezi mitatu. Lakini watu wa mfalme hawakuacha kukata miti. Mwaka 1340 Edward wa Tatu alikubali makasisi wa kanisa kuu wakabidhiwe ulinzi wa mali hizo, ila kwa malipo. Twastaajabu: walilipa ili wapate kulinda kilicho chao.

Wasukuma walijua jambo hili pasipo vitabu. Mtu akiwekewa ng'ombe wa mwenzake, maziwa hunywa, wala hakuna amwitaye mwizi. Lakini ndama ni wa mwenyewe. Sheria ya Kanisa la Roma yakaribia neno hilo: kiti kikiwa wazi, lisibadilishwe jambo lo lote. Twaikubali, ila si bila shaka. Paa likivuja mwaka wa pili, je, mlinzi akae kimya? Sisi twasema aezeke, kwa maana kuiacha nyumba ianguke nako ni kuibadilisha. Bali kuuza shamba, hata akiambiwa kwamba chini yake mna dhahabu, huko ni kuchinja ndama.

Tena muda wenyewe ni jaribu. Mwalimu aliyeachiwa ufunguo wa kanisa na daftari ya sadaka kwa miezi mitatu, aiona kuwa amana, baada ya miaka mitatu husikika akisema, "Sanduku langu." Katika sheria ile, siku askofu mpya ashikapo kiti chake, mamlaka ya msimamizi yakoma papo hapo, wala haulizwi kama yu tayari.